Tulivyojifunza Kuimba Pamoja: Historia ya Kwaya Yetu ya Makongeni



Kamati ya jubilei ilipotuomba tuandike historia ya kwaya kwa ajili ya kijitabu hiki, tulidhani ni kazi ya wiki moja. Tulikuwa na madaftari matatu ya kumbukumbu za mikutano, moja likiwa limeliwa na mchwa hadi katikati, na wazee watano wa kuwauliza. Ikachukua miezi minne. Si uvivu wa katibu, ingawa wapo watakaosema hivyo. Kila mzee tuliyemwendea alitupa historia yake, na historia hizo zilikubaliana kwa jambo moja tu: kwamba kuwaketisha watu wa lugha nane kwenye benchi moja kulikuwa kugumu kuliko nyimbo zenyewe.

Kwa hiyo hapa hamtasoma orodha ya wenyeviti wala mwaka tulionunua sare za zambarau. Hayo yako ukurasa wa nyuma pamoja na picha. Tumeamua kuandika juu ya hilo jambo gumu, kwa sababu vijana waliojiunga juzi wanaikuta kwaya yenye kila aina ya mtu na kudhani ndivyo ilivyozaliwa. Haikuzaliwa hivyo.

Watu wa reli

Makongeni yetu (si ile ya Thika, ambako wageni wetu hupotelea kila mwaka) ilijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, ikafika Kisumu Desemba 1901, na watu wakaifuata kutoka kila upande. Walikuja mafundi kutoka Pwani na Taita, makarani na wachochea moto kutoka Nyanza na Magharibi, vibarua kutoka Ukambani, wachuuzi kutoka Kati. Nyumba ilifuata kazi. Ulipewa chumba kwa sababu uliajiriwa, na jirani yako ukutani ni yule aliyeajiriwa wiki uliyoajiriwa wewe. Kwa maana hiyo reli ilituchanganya kabla kanisa halijatuchanganya, na wala haikutuuliza.

Lakini kuishi karibu si kuishi pamoja. Tukitoka hapa kwenda Barabara ya Jogoo, ile ambayo wazee bado wanaiita Doonholm, tunapita mitaa miwili yenye majina ya watu. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka 1953. Watoto wetu husema "nashuka Mbotela" au "tunakaa Ofafa" bila kujua kwamba wanawataja marehemu wa miaka ya hali ya hatari. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya mkoloni ikaanza ile operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walizungukwa na askari katika mitaa hii ya Eastlands, wakachujwa, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Nafasi zao za kazi zilichukuliwa na watu wa makabila mengine. Aliyeondolewa alikumbuka ni nani aliyebaki, na aliyebaki alijua anakumbukwa. Kwaya yetu ilianza zaidi ya miaka 20 baadaye, lakini wazee wanasema kumbukumbu hiyo iliingia nao mazoezini na kuketi.

Na sisi Wakristo tulikuwa na mgawanyiko wetu wenyewe, tena wa kupangwa. Mwaka 1913 wamishenari wa madhehebu kadhaa walikutana pale Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kuzungumza jinsi ya kushirikiana, na katika mipango ya miaka hiyo kila misheni ikashika eneo lake ili wasigombanie waumini. Ndiyo maana hadi leo ukiambiwa mtu ni Mmethodisti unakisia Meru au Pwani, na ukiambiwa ni wa AIC unakisia Ukambani au Bonde la Ufa. Sisi Waanglikana tulitawanyika zaidi, kwa kuwa misheni yetu ilikuwa Pwani na Taita, Murang'a na Kirinyaga, na tena Maseno na Butere. Basi mtu alipohamia nyumba za reli alikuja na kitabu chake cha nyimbo mkobani. Kimoja cha Kiluo, kingine cha Kikuyu, cha Kiluhya, cha Kitaita.

Mzee mmoja wa besi alituambia jinsi walivyoanza. Kasisi akitaja wimbo unaojulikana kila mahali, kila mtu alifungua kitabu chake na kuimba kwa lugha ya kwao, wote kwa wakati mmoja, tuni moja. Waumini walizoea. Wengine waliona ni kama Pentekoste. Mzee alicheka alipofika hapo. "Pentekoste watu walielewana," alisema. "Sisi kila mmoja alikuwa anajaribu kumzidi mwenzake sauti."

Kiswahili cha nani?

Ufumbuzi ulionekana rahisi: tuimbe Kiswahili, tutumie Tenzi za Rohoni, mambo yaishe. Hayakuisha.

Kwanza, Kiswahili chenyewe kilikuwa na wenyewe. Siku za mwanzo reli bado ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwenye kwaya kulikuwa na Watanzania na Waganda. Watanzania walisahihisha kila mtu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na wafanyakazi wakarudi makwao, tulipoteza besi wawili na, kama mzee mwingine alivyosema kwa uchungu ambao haujapoa, "tukapoteza kamusi." Mwaka uliofuata lilipoundwa Shirika la Reli la Kenya, kwaya ilibaki na Kiswahili cha Makongeni, na kila mtu akakitamka jinsi ulimi wake ulivyoumbwa.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Waliotoka Kati walichanganya "l" na "r". Waliotoka ziwani walimshukuru Mungu kwa "s" mahali pa "sh". Wenzetu wa Bungoma waliigeuza "b" ikawa "p". Tunaandika haya bila woga kwa sababu katibu mwenyewe ni mmoja wao, na hatutasema wa kundi gani. Kwa miaka kadhaa kicheko hicho kilionekana ni mzaha wa nyumbani. Kisha tunasoma kwenye daftari la kwanza, kwa mwandiko wa penseli, kwamba tena mmoja "ameacha kuja kwa sababu ya dharau". Hakuna maelezo zaidi. Tulimtafuta. Yu hai, anaishi Kayole, na alitueleza kwamba mwalimu wa kwaya alimsimamisha mbele ya wote arudie neno moja mara sita huku alto wakifunika midomo kwa vitabu. Alikaa nje miaka miwili. Aliporudi kwaya ilipitisha sheria ambayo ipo mpaka leo: anayecheka matamshi ya mwenzake anafua sare za sauti nzima ya yule aliyechekwa. Mnaotuona tukiwa watulivu sana mazoezini, sasa mnajua sababu.

Jambo la pili ni la muziki wenyewe, na mtatuvumilia tukilifafanua kidogo, maana ndilo lililotusaidia kuelewana. Kikuyu, Kiluo na lugha za Waluhya ni lugha za toni. Sauti ikipanda au ikishuka, neno hubadilika maana hata kama herufi ni zilezile. Tuni ya Kizungu haijali hilo, hupanda inapotaka kupanda. Mtu anayeimba kwa lugha yake wimbo uliotafsiriwa na wamishenari mara nyingi anaimba maneno ambayo kwa mazungumzo ya kawaida yangekuwa kitu kingine. Kiswahili hakina toni, kina mkazo tu, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Kiswahili huvumilia tuni ya mgeni vizuri zaidi, ingawa nacho huumia kidogo. Tuni ikikanyaga "fu" katika "furaha" badala ya "ra", mtu wa Mombasa anasikia kama amekanyagwa kidole.

Mwalimu wetu wa pili, aliyesomea ualimu na kufundishwa solfa, ndiye aliyeyaeleza haya kwa chaki. Alisema: hamgombani kwa sababu ya ukabila peke yake, mnagombana pia kwa sababu kila mmoja anasikia wimbo wa mwenzake umepinda. Tangu hapo tulianza kila wimbo kwa solfa, bila neno lolote, do na mi na so, mpaka sauti nne zikae. Maneno yakafuata. Tena huyo Mkikuyu na soprano Mluo waliweza kujua kwamba wanapatana kabla ya kujua wanatofautiana. Tumejaribu mbinu hiyohiyo darasani, na hufanya kazi.

Mwalimu huyo alipenda kutukumbusha ulivyopatikana wimbo wa taifa mwaka 1963. Tuni ni ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, ililetwa na Mzee Meza Moroa Galana. Walioketi kuitengeneza walikuwa watano: Graham Hyslop, Mwingereza, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume wa Pwani, Peter Kibukosya wa Magharibi, na Washington Omondi wa Nyanza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mpokomo. Mwalimu aliuliza swali lililowakaa wazee wetu: je, mama wa Kipokomo akiusikia leo uwanjani, anausikia kama wake? Waligawanyika. Sisi bado tumegawanyika.

Kubadilisha jina

Mwaka 1980 serikali ilipiga marufuku vyama vya makabila. Luo Union, GEMA na Abaluhya Union vyote vikafungwa. Hapo ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa City Stadium ambao sasa unaitwa kwa jina la Joe Kadenge, timu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia nao wakalazimika kutafuta jina jingine kwa muda. Majina yalibadilika, mashabiki wakabaki walewale kwenye jukwaa lilelile.

Kwaya nayo ilikuwa na vikundi vyake visivyo na majina. Waluo walikutana Alhamisi kwa mmoja wao, Waluhya walikuwa na chama chao cha kuchanga pesa, Wakikuyu na Waembu walikaa pamoja wakati wa chai. Uongozi wakati ule ulisema, mambo yamekwisha, serikali imesema. Hawakuvunja lolote kwa sababu kwa jina hakukuwa na la kuvunja. Jumapili ya mchezo wa Leopards na Gor, mazoezi ya mchana yalihudhuriwa na Wakamba na mama mmoja Mtaita. Daftari limeandika hivi: "Mazoezi hayakufana."

Lililobadilisha kidogo lilikuwa msiba, tena haukuwa wetu. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na kwa karibu miezi mitano mjane wake, Wambui, Mkikuyu, na ukoo wa Umira Kager wa Waluo walikuwa mahakamani kuhusu wapi azikwe. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilibishana, na sisi tulibishana zaidi, kwa kuwa kwenye kwaya tulikuwa na ndoa kama hiyo: bwana Mluo wa besi na mkewe Mkikuyu wa alto. Watu walipaza sauti siku moja mbele yao kana kwamba hawapo. Yule mama alisimama akasema, "Mnatuzika tukiwa hai," akachukua kikapu chake akatoka. Mumewe akamfuata.

Wiki iliyofuata mwenyekiti na wazee wawili, wote wa makabila tofauti, walikwenda nyumbani kwao. Hawakwenda kuomba msamaha tu, walikwenda kuuliza: ikitokea, nyinyi mnataka tufanye nini? Ndiyo mara ya kwanza, kwa kadiri ya kumbukumbu tulizo nazo, mtu kuulizwa badala ya kudhaniwa. Majibu yao yaliandikwa, na bwana yule alipofariki miaka mingi baadaye kwaya ilijua la kufanya. Tulikesha usiku kucha tukiimba kwao Nyanza kama inavyotarajiwa huko, na mjane alikaa na wenzake wawili wa alto kutoka Murang'a aliowaomba mapema. Hakuna aliyemwambia alie namna gani.

Daftari la misiba

Tukiri sasa jambo ambalo wengine wangependa tusiandike.

Kwaya husafiri kuzika. Hiyo ni nusu ya kazi yetu, na mwanachama wa Nairobi hukumbuka kwaya iliyokuja kwao kijijini kuliko wimbo wowote ulioimbwa hapa. Tulipokuwa tukipitia daftari la pili na la tatu kwa ajili ya makala haya, tuliandika kando kila msiba na kilichotolewa. Hatukuwa tukitafuta kosa. Lakini baada ya kurasa kumi hivi lilijionyesha lenyewe. Msiba wa Busia au Siaya: basi limekodiwa, kwaya karibu yote imekwenda. Msiba wa Murang'a au Machakos: "Wanachama watajipanga kwa matatu." Mara nyingi walijipanga watano.

Tulipowauliza waliokuwa wakiongoza, walishangaa kwa dhati. Busia ni zaidi ya kilomita 400, walisema, huwezi kwenda kwa matatu za kuunganisha na sare mkononi. Murang'a unakwenda na kurudi kabla ya giza. Ni hesabu tu. Na kwa hesabu walikuwa sawa. Ila viongozi hao, wengi wao watu wa reli kutoka Magharibi na Nyanza, hawakuwahi kukaa upande wa mama wa Kangema aliyetazama barabara siku ya kumzika baba yake, akahesabu sare tano za zambarau, na kukumbuka kwamba mwezi uliotangulia alilala ndani ya basi usiku mzima kwenda kumzika shemeji wa mwenzake. Alikuwa amechanga shilingi zilezile. Mama huyo hakulalamika. Aliendelea kuimba miaka kumi na moja, na hatujui alikuwa akiimba akiwa na nini moyoni.

Kwa maoni yetu hilo ndilo somo kubwa lililomo kwenye madaftari haya. Mtu mbaya hatukumwona. Tuliona watu wazuri waliofuata hesabu yao bila kuuliza hesabu ya mwingine. Siku hizi mchango wa msiba ni sawa kwa kila mwanachama, nauli hutolewa kando kulingana na umbali, na angalau nusu ya kwaya lazima iende, karibu au mbali. Sheria hiyo haikutokana na kugundua hili la daftari, ambalo tumeligundua juzi. Ilitokana na yaliyotokea mwaka 2008.

Januari

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, jioni. Ibada ya asubuhi ilikuwa na watu. Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa na watu tisa.

Hatutasimulia yaliyotokea mitaani, wengi wenu mlikuwepo na wengine bado hamwezi kuyasikia. Ndani ya kwaya ilikuwa hivi. Soprano mmoja alikuwa amepoteza duka la kaka yake, limechomwa. Tena mmoja alikuwa na mpwa hospitalini mwenye jeraha la risasi. Wawili hao walikuwa wameshirikiana kitabu kimoja cha nyimbo miaka sita. Walipokutana mlangoni hawakusalimiana. Wenye nyumba walikuwa wameanza kuchagua wapangaji, na wenzetu watatu walikuwa wamehama usiku na virago vyao kwenye mkokoteni. Vikundi vya zamani visivyo na majina vilirudi mara moja, sasa kwa ujumbe wa simu.

Mwalimu wa kwaya, mwanamke wa kwanza kushika fimbo hiyo kwetu, alifika Jumanne akakuta watu kumi na mmoja wameketi pande mbili. Hakufungua kitabu. Alisema hatutaimba mpaka tutakapoweza kusikilizana, na kwamba yeye hawezi kuwaongoza watu sauti nne zikiwa sauti mbili. Kwa Jumapili mbili kanisa halikuwa na kwaya. Kasisi aliungwa mkono na wengine, akalaumiwa na wengine, kwa kumruhusu.

Yaliyofanyika yalikuwa madogo. Watu waliketi kwenye duara na kila mmoja akaeleza yaliyompata, bila kujibiwa. Siku ya kwanza wawili walitoka nje kabla ya kumaliza. Siku ya tatu yule tena alieleza habari za mpwa wake, na soprano akauliza yuko wodi gani. Ndilo neno la kwanza baina yao. Kisha mwalimu akawapanga wawili wawili, kila jozi ya watu wa jamii mbili, wakaenda nyumba za wanachama wote, hata wale waliohama, na unga, mafuta na sabuni. Mlango ambao Mluo peke yake asingeubisha alibisha akiwa na Mkikuyu, na kinyume chake. Jozi moja ilizuiliwa na vijana njiani ikaulizwa majina. Waliimba ubeti mmoja hapo hapo barabarani, kwa hofu tu, wanasema, si kwa imani, na vijana wakawaacha wapite.

Serikali ilipotia sahihi mkataba wa amani tarehe 28 Februari 2008, kwaya ilikuwa imesharudi, ila si yote. Wanne hawakurudi kamwe. Wiki hizo ndipo ziliandikwa sheria tulizo nazo: mwenyekiti na mweka hazina wasitoke jamii moja, mkutano wowote na ujumbe wowote wa simu wa kwaya uwe wa Kiswahili, misiba iwe sawa. Miaka michache iliyopita katibu alihudhuria semina ya siku mbili kuhusu vikundi vya kijamii na utangamano, yenye chai nzuri na vikaratasi vya rangi, na sheria hizo tatu zilikuwepo ubaoni kama jambo jipya. Tulinyamaza tukala mandazi.

Ngoma, Sheng na mikono

Kuhusu lugha ya mama tulikwenda mbali mno kwanza. Baada ya 2008 kwaya ilikataza kabisa nyimbo za kienyeji, ikihofia kwamba kila wimbo ungekuwa bendera. Miaka mitatu tuliimba Kiswahili na Kiingereza tu. Tulikuwa salama na tulikuwa wakavu. Mzee mmoja Mluhya alituuliza kama kupenda amani maana yake ni kusahau mama yake. Basi nyimbo zikarudishwa kwa sharti jingine: wimbo wa jamii fulani hufundishwa na mwenyewe, lakini huongozwa na mtu wa jamii nyingine. Mwenyewe hukaa mbele na kusikiliza. Akikunja uso, tunarudia.

Ngoma nazo zilipigiwa kelele. Wazee waliokua wakifundishwa kwamba ngoma ni za shetani walizitazama isukuti zikiingia kanisani kama wageni wasioalikwa. UNESCO walipoiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2014, vijana walileta habari hiyo kama hati ya mahakama. Haikuwashawishi wazee. Kilichowashawishi ni kwamba waumini waliokuwa wakisinzia waliacha.

Vijana wetu sasa wanatuletea tatizo ambalo hatukulitarajia. Wengi hawajui lugha ya mama wala ya baba. Waliozaliwa Makongeni na Kaloleni lugha yao ni Sheng, na wameuliza mara mbili rasmi kwa nini Sheng si lugha ya nyumbani kama nyingine. Kamati bado haijajibu. Sisi kama walimu tungependa kusema hapana, lakini tukikumbuka yule tena wa Kayole aliyechekwa, mkono unasita.

Mwaka juzi tulipokea mwanachama kiziwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini Katiba haikufundishi kuinua mkono kwa wakati. Yeye ndiye aliyetufundisha. Anasimama safu ya alto, ameweka kiganja kwenye ubao wa benchi kusikia besi, na nyimbo tatu za leo ataziimba kwa mikono. Waumini mnaombwa mtazame.

Ardhi ya nyumba hizi iliwekwa chini ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na habari za kuhamishwa tumeishi nazo miaka. Zaidi ya nusu yetu tayari tumehamia Kayole, Umoja, Ruai na Kitengela, tunakuja mazoezini kwa matatu mbili. Tumezungumza mara nyingi kama kwaya ihamie penye watu wengi. Kila mara imekataliwa kwa kura, na kila mara tunaendelea kulalamikia nauli.

Wimbo wa mwisho mchana huu ni wa Kitaita. Katika kwaya nzima leo hakuna Mtaita hata mmoja. Yule mama aliyebaki mazoezini siku ya Leopards na Gor ndiye aliyetufundisha, kwa wiki tisa, akiwa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwake kwa kuwa miguu haimwezi tena. Utaongozwa na kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Kitui. Mama ataletwa kwa gari na atakaa benchi la kwanza upande wa kulia. Akikunja uso, tutarudia.